Prado yangu inachemsha nikipanda Newala: nifunge gasketi au ninunue injini nyingine?

"Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Masasi. Miaka mitano iliyopita nilinunua Prado ya mwaka 1998, ya dizeli, injini 1KZ, giaboksi otomatiki. Tangu msimu wa korosho uliopita inachemsha. Barabara ikiwa tambarare mshale wa joto unatulia katikati, lakini nikipanda kwenda Newala unasogea mpaka karibu na alama nyekundu. Nikifika juu na kupumzika, unashuka wenyewe. Kila baada ya siku mbili naongeza karibu lita moja ya maji, na chini ya gari sioni hata tone. Siku ilipochemsha vibaya kuliko zote tulikuwa tumepakia magunia sita ya korosho. Fundi wa kwanza alitoa thamostati, akasema nchi yetu ni ya joto haina kazi nayo. Haikusaidia. Sasa anasema ni gasketi, anataka 450,000 pamoja na ufundi. Wa pili anasema 1KZ zote ni mbovu, hedi zinapasuka, ninunue injini ya mtumba kutoka Dar es Salaam kwa 5,500,000 ikiwa imeshafungwa. Kuna mtu ameniambia gari kama lilivyo atalichukua kwa milioni 14. Nifanyeje? Na ni kweli kwamba injini hii ni mbovu?"

Shikamoo Mwalimu, na pole kwa usumbufu.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu kimoja na sijakiona: mahali ambapo mtu alipima. Fundi wa kwanza ametoa kifaa, kisha ametaja bei. Wa pili ametaja bei bila hata kutoa kifaa. Wewe umesahihisha madaftari miaka mingi, unajua mwanafunzi anayeandika jibu bila kuonyesha njia. Huenda mmoja wao amepatia. Lakini kati ya 450,000 na milioni tano na nusu kuna pengo kubwa mno la kujazwa kwa kubahatisha, na kwa dalili ulizoeleza inawezekana kabisa tatizo likawa dogo kuliko yote mawili, au likawa mawili kwa pamoja.

Nianze na sifa mbaya ya injini hii, maana imekutia hofu. 1KZ-TE ni injini ya silinda nne yenye tabochaja, ujazo wake sentimita za ujazo 2,982, na Toyota waliifunga kwenye Prado na Hilux Surf za miaka ya tisini. Chini ya hedi, yaani kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, ni injini ngumu sana. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, na ikipewa oili safi kwa wakati hutembea laki kadhaa za kilomita bila kufunguliwa. Hedi yake ndiyo ina jambo. Ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo kila unapowasha na kuzima, hedi inataka kutanuka kuliko bloku iliyoibeba, na boliti zinaikatalia. Katika joto la kawaida ugomvi huo umeshapigiwa hesabu kiwandani. Injini ikichemsha, hesabu inavunjika: hedi inapinda, gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku inabanwa vibaya, na ile kingo nyembamba iliyopo kati ya valvu na valvu, jirani na vyumba vidogo ambamo dizeli huanzia kuwaka, inapata ufa.

Kwa hiyo mimi siiiti injini mbovu. Naiita injini isiyosamehe. Dizeli nyingine za zamani zenye hedi ya chuma unaweza kuzichemsha mara tatu ukaendelea na safari. Hii ukiichemsha mara moja sawasawa, imekuandika kwenye daftari lake. Na jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi: hedi ya 1KZ haipasuki kwa kupenda. Imepashwa moto na kitu kingine. Hedi ni majeruhi, na aliyeijeruhi kwa kawaida bado yumo humo humo ndani ya boneti, mzima wa afya, anasubiri hedi mpya.

Ndiyo maana nataka tuzitazame dalili zako mbili kila moja peke yake.

Dalili ya kwanza: tambarare sawa, mlimani inapanda, ukipumzika inashuka. Katika dizeli yoyote unayochoma, sehemu kama theluthi moja tu ndiyo inasukuma gari. Theluthi nyingine inatoka na moshi, na iliyobaki inaingia kwenye maji, na rejeta inatakiwa kuitupa nje. Ukiwa kwenye lami ya kwenda Ndanda, mwendo wa kilomita 80, injini inakula dizeli kidogo na upepo unaingia mbele bure. Ukianza kupanda ule ukingo wa uwanda wa Makonde mambo yanageuka: mwendo unashuka, upepo wa bure unakwisha, dizeli inamwagwa kwa wingi, na kazi yote ya kupoza inaachiwa feni. Ongeza magunia sita. Gunia la korosho ghafi liko kwenye kilo 80, kwa hiyo ulibeba karibu nusu tani kabla hujahesabu watu. Halafu kuna giaboksi yako otomatiki, ambayo inapoza oili yake kwa kuipitisha ndani ya tangi la chini la rejeta hiyo hiyo. Mlimani giaboksi nayo inachemka, inarudisha joto lake kwenye maji ya injini. Rejeta yako inalisha wageni wawili kwa sufuria moja.

Gari linalofanya hivyo mara nyingi limepungukiwa uwezo wa kupoza. Nikiwekwa niape bila kuliona gari, ningesema rejeta imeziba au klachi ya feni, kile kiungo kinachoizungusha feni, imechoka. Gasketi iliyokwisha kabisa huwa haichagui barabara hivyo. Inachemsha hata sokoni.

Dalili ya pili, lita moja kila siku mbili bila tone chini, hiyo ndiyo inaninyima raha. Maji hayapotei. Ama yanachomwa ndani ya silinda na kutoka na moshi, ama yanasukumwa nje na gesi gari likiwa na moto na kukauka barabarani, ama yanavuja mahali usipopatazama. Kuna mahali pamoja ambapo hata mafundi hawapatazami, nitapataja.

Kwanza thamostati, ile valvu inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta, maana ilitolewa kwa nia njema na inabidi irudi.

Maneno ya "nchi ya joto haihitaji thamostati" yamekaa kwenye gereji zetu tangu enzi za Bedford. Thamostati haijali hali ya hewa ya Masasi. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye takriban digrii 80 haraka na kuishikilia hapo, na hakuna siku Masasi imefika digrii 80. Lakini kwenye Toyota hizi ina kazi ya pili. Chini yake ina kisahani ambacho, inapofunguka, kinaziba njia ya mkato ambayo maji huizungukia injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa, na inarudi hivyo hasa unapopanda kilima na kuhitaji kila tone lipite kwenye rejeta. Utasikia pia kwamba bila thamostati "maji yanakimbia mno, hayapati muda wa kupoa". Hiyo siyo sababu. Maji yakienda kasi rejeta hutoa joto zaidi, haitoi pungufu. Sababu ni ile njia ya mkato. Rudisha thamostati, nzuri, na kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni uone inafunguka yakikaribia kuchemka. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nitakavyovitaja leo.

Sasa maji yenyewe. Hukuniambia unaongeza maji gani, ila nakisia ni ya bomba au kisima, kwa sababu mtu anayeongeza lita kila siku mbili hawezi kununua kulanti. Maji ya visima vyetu vya kusini mengi yana chumvi na chokaa. Angalia birika la chai lililotumika mwaka mzima, ule ukoko mweupe ndani. Ukoko huo huo unajengeka kwenye mirija ya rejeta, na mirija hiyo ni myembamba. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu na ukoko, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Hata kifuniko cha rejeta kina sehemu yake: kikishikilia mgandamizo wake, maji matupu hayachemki mpaka karibu digrii 118 badala ya 100. Kikiwa na raba iliyokufa, yanachemka mapema, yanamwagika, na unaanza kulaumu hedi. Kama huna kulanti na lazima uongeze kitu, ongeza maji ya betri, yale yaliyosafishwa. Angalia chupa vizuri usije ukamimina asidi. Ukiwa Newala, ambako kila nyumba ina tangi la kukinga mvua kwa shida ya maji ya uwandani, maji ya mvua safi ni bora mara kumi kuliko ya kisima. Na tafadhali, asikudanganye mtu kuweka yai, binzari, wala ile dawa ya kuziba rejeta ya kopo. Inaziba kweli, ila haijui kutofautisha tundu na mrija.

Kuna vipimo unavyoweza kufanya mwenyewe asubuhi kabla gari halijawashwa. Nasisitiza asubuhi, Mwalimu. Kifuniko cha rejeta yenye moto kimewaunguza watu nyuso, na kinapoonekana kimepoa bado kina hasira.

Gari likiwa limelala usiku mzima, fungua kifuniko na utazame maji. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi, hiyo ni kutu. Yakiwa na utando wa mafuta meusi, shuku gasketi. Yakiwa ya waridi mazito kama maziwa ya lala, oili ya giaboksi imekutana na maji ndani ya rejeta, na hapo usiwashe gari kabisa, maana giaboksi ni ghali na maji yanaiua haraka. Kisha chomoa kijiti cha oili ya injini. Oili iliyofanana na uji wa maziwa ni habari mbaya. Yote yakiwa safi, jaza maji mpaka mdomoni, mwambie kijana awashe injini kifuniko kikiwa wazi, na wewe utazame kwa pembeni bila kuinamia. Viputo vichache vya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Viputo vinavyoendelea bila kukoma, au maji yanayorushwa juu ukimwambia kijana akanyage mafuta kidogo, ni gesi ya silinda. Hapo hedi au gasketi ina njia. Siku nyingine, tena gari likiwa baridi na kifuniko kimefungwa, liwashe na ushike mpira wa juu wa rejeta baada ya dakika moja. Maji hayajapata moto, kwa hiyo mpira unapaswa kuwa laini. Ukiukuta mgumu kama umejazwa upepo, kuna kitu kinaujaza upepo.

Angalia pia tangi la akiba, lile la plastiki. Katika gari lisilo na kasoro, maji huingia humo injini ikipata moto na kunyonywa kurudi ikipoa. Likijaa na kubaki limejaa huku rejeta ina pengo, ama kifuniko hakinyonyi ama gesi inasukuma.

Na ule mvuja wa siri niliokuahidi. Prado nyingi za toleo lako zilitengenezwa kwa nchi za baridi, zikawekewa hita ya pili kwa ajili ya abiria wa nyuma. Maji ya moto ya injini yanasafiri kwenda huko kwa mabomba ya chuma yaliyopita chini ya gari. Huku kwetu hakuna mtu amewahi kuiwasha hita hiyo, kwa hiyo hakuna anayekumbuka kuwa ipo. Mabomba yanaliwa na matope, vumbi, na kwa sisi wa Mtwara, Mikindani na Lindi, hewa ya chumvi ya bahari. Yanatoboka kitundu cha sindano, kinachovuja gari likiwa na moto na mgandamizo tu, na maji yanakaukia kwenye bomba la moshi lililo jirani. Ukisimama, hakuna tone. Nimeshakuta gari lililofunguliwa hedi mara mbili kwa kosa la bomba hilo. Dawa yake ni kukata mabomba hayo mwanzoni na kuunganisha kwa mpira mfupi. Kazi ya saa moja, na hita ya nyuma hutaikumbuka mpaka uhamie Makete.

Vipimo vya gereji ni vitatu au vinne, na fundi asiyekuwa navyo hana haki ya kukutajia bei ya injini. Cha kwanza ni pampu ndogo ya mkono inayofungwa mdomoni mwa rejeta na kuujaza mfumo mgandamizo injini ikiwa imezimwa. Mshale wa pampu ukishuka, maji yanatoka mahali, na gari limesimama kimya mnaweza kulitafuta tone kwa tochi. Cha pili ni kichupa chenye dawa ya bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiunguruma. Gesi ya moshi ikipita, bluu inageuka kijani au njano. Kipimo hiki kingekuokoa maneno yote ya mafundi wawili, na hakifungui boliti hata moja. Cha tatu ni kipimajoto cha kulenga kwa mwanga: injini ikiwa na moto unapima uso wa rejeta kona kwa kona, na mahali penye ubaridi katikati ya joto ndipo penye mirija iliyoziba. Cha nne ni mkono. Zima injini yenye moto, toa ufunguo, sukuma feni kwa kidole. Ikizunguka kwa ulegevu mizunguko mingi kama feni ya dari, klachi yake imekwisha. Klachi hiyo ina mafuta ya silikoni ndani, yanazeeka na kuvuja, na feni inabaki inazunguka bila nguvu wakati unapoihitaji. Baadhi ya mafundi huichomelea ikae imebana moja kwa moja. Inasaidia kupoza, ila inakula dizeli, inapiga kelele kama ndege ya jeshi, na inachosha beringi ya pampu ya maji. Mimi siifanyi.

Umuhimu wa feni hiyo nilifundishwa kwa aibu. Miaka ya nyuma nilifunga gasketi kwenye Surf ya mzee mmoja wa Lindi, kazi safi, hedi nikaipeleka kupimwa, kila kitu kwa utaratibu. Baada ya wiki tatu akarudi akiwa anavutwa. Nikafungua tena, gasketi imeungua pale pale. Mzee hakunigombeza, alikaa kwenye kigoda akiniangalia, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa. Ndipo nikasukuma feni kwa kidole, ikazunguka. Klachi ilikuwa imekufa siku zote, na mimi nilikuwa nimetibu kidonda nikaacha msumari ndani. Gasketi ya pili niligharamia mwenyewe.

Tuje kwenye pesa.

Kama vipimo vitaonyesha hakuna gesi kwenye maji, basi bahati iko upande wako, na matumizi yako yatakuwa rejeta, klachi ya feni, kifuniko, thamostati, mipira, kulanti, na pengine yale mabomba ya nyuma. Rejeta ya Prado yako ina mirija ya aluminiamu na matangi ya plastiki, kwa hiyo ile kazi ya zamani ya kufungua rejeta ya shaba, kuichokonoa kwa waya na kuichomelea haifai sana hapa. Kama imeziba ndani, nunua nyingine, na ukinunua pima unene wake. Zipo za bei rahisi zenye safu nyembamba kuliko ya asili, na huo upungufu utauona kilimani Newala. Kama imeziba nje tu, kwa matope na manyoya ya nyasi yaliyokwama kati yake na kondensa ya kiyoyozi, ni kazi ya maji na subira. Yapige kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Ukipiga kutoka mbele unazidi kuusokomeza uchafu.

Kama kuna gesi, hedi lazima itoke, na hapa ile 450,000 inahitaji maelezo. Kwa bei hiyo naona gasketi na ufundi, basi. Hedi iliyochemsha haifungwi tena bila kupelekwa kwenye karakana yenye mashine ikajazwa mgandamizo kutafutwa nyufa, na uso wake ukapimwa kwa rula ya chuma kama umepinda. Ufa hauonekani kwa macho kila wakati. Hedi ya injini hii haikwanguliwi ovyo, kwa sababu ya vile vyumba vidogo vya kuwashia vilivyopachikwa ndani yake. Na gasketi zake huuzwa kwa unene tofauti wenye alama, unaochaguliwa kwa kupima pistoni inatokeza kiasi gani juu ya bloku. Ukimuuliza fundi atanunua unene upi naye akajibu "wowote, zinafanana", mshukuru na uondoke. Boliti zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio na kwa awamu, si kwa bomba refu na nguvu za kijana. Ukiwa huko ndani, badilisha na taimingi belti pamoja na pampu ya maji kama hujui mara ya mwisho zilibadilishwa lini. Gharama ya kufungua umeshailipia. Kwa hesabu hiyo, usishangae 450,000 ikifika mara mbili, na hiyo ni hedi ikikutwa nzima.

Ikikutwa na ufa, sikushauri kuichomelea kati ya valvu. Nimeona chache zilizodumu na nyingi zilizorudi. Zipo hedi mpya zisizo za kiwanda cha Toyota, unaweza kuzipata Kariakoo, upande wa Gerezani, na zikaletwa Masasi kwa basi. Uliza kama bei ni ya hedi tupu au iliyokamilika na valvu zake. Tofauti ni kubwa na wauzaji hawaitaji mpaka uulize. Hata hedi mpya ipimwe mgandamizo kabla ya kufungwa. Kwa bei nilizozizoea, hedi mpya pamoja na kazi yote niliyoitaja kwa kawaida inabaki chini ya ile milioni tano na nusu.

Injini ya mtumba siikatai moja kwa moja. Ina maana kama bloku yako imekufa: pistoni zimekwaruza, oili inaliwa, kompresheni imeshuka. Lakini fikiri. Unatoa injini yenye hedi unayoishuku, unaweka nyingine ya umri ule ule, yenye hedi ya aina ile ile, ambayo hujui ilitolewa kwenye gari lake kwa sababu gani. Halafu unaiunganisha na rejeta ile ile na feni ile ile. Ukiamua njia hiyo, hedi ya injini hiyo ipimwe kabla haijaingia kwenye gari, dhamana iandikwe kwenye karatasi na si kwa mdomo, na usisahau kwamba namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo itabidi upite TRA ukarekebishe taarifa.

Kuuza kwa milioni 14 kama lilivyo? Huyo mnunuzi naye amepiga hesabu. Anaamini ni rejeta. Siwezi kukuambia usiuze, gari ni lako na kiinua mgongo ni chako, ila usiuze kabla ya kile kichupa cha bluu. Bluu ikibaki bluu, una gari zuri lenye homa. Ikigeuka rangi na karakana ikasema hedi ina ufa na bloku nayo imechoka, milioni 14 taslimu ni pesa ya kuifikiria usiku mmoja.

Mpaka vipimo vifanyike, usipande tena Newala na mzigo. Ikibidi utembee, ondoa ovadraivu ukianza mlima, tumia gia ya chini ili injini izunguke na feni ifanye kazi, zima kiyoyozi. Mshale ukianza kupanda, washa hita ya mbele mpaka mwisho na ufungue vioo. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Ukisimama, iache injini iungurume taratibu dakika kadhaa, maana ukiizima ghafla maji yanasimama ndani ya hedi yenye moto. Ila kama mvuke unatoka, au mshale uliokuwa juu umeshuka ghafla wenyewe, zima papo hapo. Kushuka huko si kupona. Mara nyingi ni kwamba maji yamekwisha na kipimo kimebaki hewani. Na usimwage maji baridi juu ya injini yenye moto kwa huruma. Hedi nyingi zimepasukia hapo, kando ya barabara, zikiwa zimezungukwa na wasamaria wema wenye ndoo.

Acha kuliendesha kabisa na tafuta fundi aje ulipo ukiona moshi mweupe mzito asubuhi usiokoma injini ikipata moto, gari likianza kwa misi, yaani kutetemeka kwa sababu silinda moja haiwaki, kisha kutulia, au mashine ya kuwashia ikigoma kuzungusha injini kana kwamba imekwama. Hilo la mwisho ni maji yaliyojaa ndani ya silinda. Maji hayabanwi, na ukilazimisha, fimbo ya pistoni inapinda, na hapo ndipo ile milioni tano na nusu inapokuwa ya kweli.

Kama Masasi hakuna mwenye kichupa na pampu, lilete Mtwara. Njia ya Nyangao na Mnazi Mmoja kwa sehemu kubwa inateremka, safiri alfajiri bila mzigo, na kila kituo tazama mshale kabla ya kuzima. Usije asubuhi ukitegemea kuondoka mchana. Fika jioni, gari lilale hapa gereji, na saa kumi na mbili kesho yake tufungue kifuniko pamoja likiwa halijaguswa. Na uje na ile thamostati ya zamani kama fundi hakuitupa, nataka kuiona.